Ulinganisho: kufunga madishi chini ya wakala, au kujitegemea tangu siku ya kwanza?

Kijana wa Mbagala (mwanzisha mada)

Salaam wakuu. Nimemaliza elektroniki VETA, na tangu hapo nimekuwa nikimsaidia fundi mmoja wa madishi huku Rangi Tatu. Sasa nataka kusimama mwenyewe. Mtaji wangu ni kama laki sita. Naona njia tatu, naomba mnilinganishie.

Kwanza, kukaa kwenye duka la wakala wa ving'amuzi: mtu akinunua, natumwa kumfungia, nalipwa kwa kila nyumba. Pili, kununua vifaa vyangu na kutafuta wateja mwenyewe, madishi pamoja na antena. Tatu, kuchanganya na kamera za ulinzi tangu mwanzo. Na satifainda, kile kifaa cha kutafutia signo ya dishi, je, ya mshale inatosha au nijikaze nipate ya kidijitali?

Fundi Temeke

Karibu kazini, mdogo wangu. Jua kwanza pesa imekaa wapi. Wengi wanaoanza wanapigia hesabu ufungaji mpya, na hapo ndipo panapobana kuliko kote. Kampuni ikitoa ofa, ufundi unakuwa ndani ya bei, na wewe unapewa kiasi kilichopangwa, iwe umefunga banda la uani au ghorofa ya nne.

Pesa ya anayejitegemea iko kwenye kuhamisha na kurekebisha. Huku kwetu wapangaji ni wengi. Kodi ya miezi sita ikiisha, mtu anahama na dishi lake. Kulifungua, kulibeba, kulifunga upya na kuliseti hakuna ofa ya kampuni inayoingia humo, bei mnapatana ninyi wawili. Ongeza anayetaka TV ya pili chumbani, ongeza aliyepigwa na upepo wa masika. Kazi hizo haziishi.

Kwa hiyo mimi ningeanza na njia ya kwanza, lakini kila nyumba ninayofunga niitazame kama mteja wangu wa mwakani. Na paka grisi kwenye nati zote. Huku karibu na bahari chumvi inakula chuma, ukirudi kuhamisha dishi ulilofunga bila grisi utazikata nati kwa msumeno.

Satifainda ya mshale isiwe ndiyo pekee uliyonayo. Ile inapima nguvu tu, haikuambii ni ya setilaiti gani. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 Mashariki angani, na jirani yake kwenye nyuzi 5 Mashariki kuna setilaiti nyingine. Mshale unajaa, unakaza nati, unashuka ngazi, king'amuzi kinasema hakuna signo. Ya kidijitali unaingiza masafa ya transponda, yaani mtambo wa setilaiti unaorusha chaneli unazozitaka, ikishika inakuonyesha ubora hapo hapo juu ya bati. Ni laki na ushee, lakini ndiyo itakayokulipa.

Mama Duka Moro

Mimi nazungumza kutoka upande wa pili, nina duka la ving'amuzi hapa Morogoro. Fundi ninayempigia kwanza ni yule ambaye mteja wake hanipigii mimi wiki inayofuata. Uhodari wa mdomo haunisaidii kitu.

Mwanangu, kabla hujakaa kwenye duka la mtu, patana naye mambo matatu na myaandike: nauli ya bodaboda analipa nani, waya wa ziada unalipwaje, na mteja akilalamika ndani ya mwezi mmoja nani anarudi kwa gharama ya nani. Hapo kwenye waya ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Waya unaokuja na seti una urefu wake, ukikuta sebule iko mbali na mahali pa dishi lazima uongeze, na mteja anaamini ameshalipa kila kitu. Mwambie bei ya mita kabla hujafungua boksi.

Kuhusu kubandika namba yako kwa wateja wangu: niombe kwanza. Wengi wetu tutakubali, kwa sababu hatutaki kusumbuliwa na mtu aliyehama nyumba. Usipoomba, nitakuona mwizi.

Dishi la Ziwa, Mwanza

Fundi Temeke anasema kweli kwa Dar. Ukitoka mjini mambo yanageuka. Vijiji vya huku wakala yuko mbali, mteja anamtafuta fundi kabla hajatafuta king'amuzi, na fundi ndiye anayemshauri anunue kipi. Huku njia ya pili ndiyo njia. Na bado kuna wanaotaka dishi la futi 6 la C-bendi, yale masafa ya chini ya madishi makubwa, kwa chaneli za bure, kwa sababu halina malipo ya mwezi na mvua hailisumbui kama inavyolisumbua la Ku, masafa ya juu ya vidishi vidogo. Dishi hilo ni kubwa, nguzo yake inataka shimo la zege, na bei yake ya ufundi haifanani na ya kidishi cha ukutani.

Jambo ambalo vijana hawafundishwi: pembe ya dishi. Kwa Azam, nyuzi 7 Mashariki, ukiwa Dar unatazama magharibi, ukielekea kaskazini kidogo, juu kama nyuzi 52. Hapa Mwanza ni karibu 60. DStv, nyuzi 36, iko karibu utosini: Dar kama 81, Mwanza 85. Sasa, vidishi hivi vya ukutani ni vya ofseti, LNB yake, kile kichwa kinachopokea mawimbi, imekaa chini na haipo katikati. Kwa macho vinaonekana vinatazama chini kuliko vinakotazama kweli, tofauti ya nyuzi 20 na zaidi. Ndiyo maana utamwona mtu anakata tawi la mwembe ambalo halizuii chochote, na lile la juu linalozuia analiacha. Simama pale dishi litakapokaa, tumia programu ya simu ya kupima pembe, elekeza nyuzi 52 huko magharibi. Ukiona majani, hama ukuta. Na miembe inakua, iachie nafasi ya miaka miwili mitatu.

Kijana wa Mbagala

Asanteni sana wakubwa zangu. Mama Moro, nimekuelewa, nitaomba. Waya je? Kariakoo kuna RG6, hizi nyaya za dishi, za bei tofauti kabisa na kwa macho zote ni moja.

Fundi Temeke

Nenda na sumaku. Chuna ncha ya waya, gusisha sumaku kwenye ule uzi wa katikati. Ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponasa, angalau si chuma. Wa chuma si mbaya kwa mita chache. Ukivuta mrefu, umeme unaopanda kwenda kwenye LNB unapungua njiani.

Na hapo ndipo utakapoitwa kwa tatizo linalowachanganya wengi: "baadhi ya chaneli zipo, nyingine hazipo." King'amuzi huipa LNB volti 13 kwa mawimbi ya wima na volti 18 kwa ya ulalo. Zile 18 zikifika zimepungua sana, LNB inabaki kwenye wima, na chaneli zote za ulalo zinapotea kwa pamoja. Kabla ya kugusa dishi, pima kwa multimita kwenye koneka ya juu. Mara nyingi utakuta maji yameingia na shaba imegeuka kijani. Kata, chuna upya, funga koneka mpya, viringisha tepu ya mpira, kisha acha waya ushuke ufanye tao chini ya LNB ndipo upande ukutani, maji yadondokee hapo. Kazi ya dakika chache na mteja anakukumbuka.

Pwani Moja, Mombasa

Ndugu zangu, huku Kenya antena bado zina kazi. Tangu tuhame kwenda dijitali 2015, nyumba nyingi zina kisanduku cha chaneli za bure na antena ya UHF, na watu wanazifunga wenyewe kwa mpini wa mwavuli. Ukija na antena nzuri, nguzo iliyosimama na waya usiounganishwa njiani, picha inatulia na jirani anauliza umepata wapi fundi. Vifaa vyake ni rahisi, kijana wa laki sita anaweza.

Kitu kingine, Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ilipoingia huku Julai 2023 wengi tulidhani haina kazi ya fundi kwa sababu inajiseti. Kweli inajiseti, lakini nani anapanda juu ya mabati kuifunga isipeperuke, apitishe waya bila kuvujisha paa? Mimi ndizo kazi zinazoniita siku hizi. Kamera nakushauri uziache kwanza. Zinataka mtaji na ujuzi wa mtandao, na mteja wa kamera akiharibikiwa usiku anapiga usiku.

Mzee wa Paa, Tanga

Hakuna aliyetaja paa. Ukipanda kwenye bati, kanyaga kwenye mstari wa misumari, chini yake kuna papi, mbao zinazobeba bati. Bati lililoloa, shuka ungoje. Kabla ya kusimamisha nguzo, angalia nyaya za TANESCO ziko wapi, na kama nguzo ikianguka inaweza kuzigusa, usiifunge hapo hata mteja akisema jirani anayo. Mpoteze mteja huyo.

Makaratasi: chukua TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, baadaye kidogo. Pia ulizia leseni ya usimikaji na matengenezo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hasa ukianza kutafuta kazi za hoteli au taasisi. Na usifungulie mtu chaneli za kulipia kwa njia za wizi, hata akikuahidi kukuletea mtaa mzima. Duka likisikia, hakuna atakayekutuma tena.

Kijana wa Mbagala

Nimeamua. Nitaenda kwa wakala mmoja hapa Mbagala na makubaliano ya maandishi kama alivyosema Mama Moro, na nitanunua satifainda ya kidijitali, ngazi, drili, spana namba 10 na 13, na roli moja ya waya. Jioni na Jumapili nafanya kuhamisha na antena kwa jina langu. La mwisho: mteja akiniita nikakuta ni king'amuzi tu kimechomoka waya nyuma ya TV, nitoze?

Mama Duka Moro

Toza nauli na kitu kidogo cha muda wako, na umwambie kabla hujatoka nyumbani kwamba kufika kuna bei. Halafu mfundishe mtoto wa nyumba hiyo kuangalia waya. Hawatakuita tena kwa waya, lakini wakihama watakuita.