Dakika ya mwisho kwenye usaili: uulize swali, ujieleze, au useme asante na kuondoka?

Mchumi_wa_Kibaha
Wakuu, habari za leo. Wiki hii nina usaili mara mbili na nimekwama sehemu moja tu: mwishoni. Wa kwanza ni wa mahojiano, Sekretarieti ya Ajira (kazi za serikali), nafasi ya afisa ununuzi. Mchujo wa kuandika nimeshapita. Wa pili ni kampuni binafsi ya usambazaji hapa Dar, kazi ileile, na nimeambiwa nitaonana na meneja wa kitengo pamoja na mtu wa rasilimali watu.

Najua lile swali litakuja: "Una swali lolote kwetu?" Ushauri nilioupata haupatani kabisa. Kuna wanaosema uliza swali la maana. Wengine wanasema omba nusu dakika ueleze kwa nini wewe ndiye wa kuchukuliwa. Wengine tena: shukuru utoke, watu wamechoka. Halafu binamu yangu aliyeko Toronto anasema hayo yote si kitu, cha muhimu ni barua pepe ya shukrani jioni ileile. Kipi kinafaa wapi? Aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza naomba aseme zaidi.

Mama_Stoo
Nimewahi kuitwa kwenye majopo ya usaili wa umma kama mtu wa fani ya ununuzi, kwa hiyo nitasemea huko tu. Maswali ni yaleyale kwa kila msailiwa. Kila mjumbe ana karatasi yake, na alama anaandika swali linapoisha, hasubiri mwisho. Mwenyekiti anapokuuliza kama una swali, kalamu nyingi zimeshalazwa. Hotuba yako ya nusu dakika haina mahali pa kuandikwa kwenye karatasi ile.

Ila mwisho una kazi moja ambayo vijana wengi hawaitumii: kurudi kwenye swali ulilolijibu nusu. Tuseme umeulizwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ilibadilisha nini kutoka ile ya 2011. Ukazungumzia NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni, peke yake, kisha ukiwa kwenye swali la nne ukakumbuka mengine. Hapo ndipo mahali pake: "Mwenyekiti, kama inaruhusiwa, naomba kuongezea kidogo kwenye swali la pili." Sentensi mbili tatu, basi. Akikataa, hujapoteza kitu. Akikubali, nimeona kalamu zikiokotwa tena.

Na usiulize majibu yatatoka lini. Yatatoka kwa tangazo na utayaona kwenye akaunti yako uliyoombea kazi. Wapo wanaofaulu nafasi zikawa chache, hao wanawekwa kwenye kanzidata, wasubiri nafasi nyingine. Hakuna mjumbe atakayekunong'oneza uko kundi gani.

Kahawa_Chungu
Mama, kwa heshima, nadhani unaupunguzia mwisho uzito wake. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walifanya jaribio la maji baridi. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakakaa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa moto kidogo, mpaka nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi wakachagua lile refu, ambalo kwa hesabu lina maumivu zaidi! Sababu ni kwamba kumbukumbu inabeba kilele na mwisho, haijumlishi dakika. Sasa kama mwisho unaweza kufanya maji baridi yakumbukwe vizuri, utashindwaje kuusaidia usaili?

Mama_Stoo
Mwanangu, hao walikuwa wanakumbuka mkono wao wenyewe. Mimi nawaona watu kutwa nzima, mmoja akitoka mwingine anaingia, na jioni hakuna anayeniuliza nakumbuka nini. Wanachukua karatasi wanajumlisha.

Kahawa_Chungu
Hapo sawa. Basi nabaki na kampuni binafsi, kule wengi hawana karatasi za alama.

Meneja_wa_Kaskazini
Kweli, wengi hatuna. Mimi niko Arusha, shughuli za hoteli na safari za watalii, na naajiri watu wa ununuzi na stoo. Nikiri wazi: ninapoamua, ninachokumbuka ni mazungumzo, si alama. Kwa kampuni binafsi naweka swali juu ya kujieleza, kwa mbali.

Ila si swali lolote. "Utamaduni wa kampuni yenu ukoje?" linanichosha, maana najua umelitoa mtandaoni na jibu nitakalokupa pia ni la mtandaoni. Kuuliza kitu kilichoandikwa kwenye tovuti yetu ni vibaya zaidi. Likizo na mikopo ya wafanyakazi viache mpaka uwe na barua ya ajira mkononi. Swali zuri linatoka ndani ya kazi yenyewe. Wewe uko kwenye usambazaji, kwa hiyo uliza: "Ucheleweshaji mkubwa mnaupata wapi, bandarini au kwa wauzaji wa ndani?" Au: "Wauzaji wenu mnawalipa baada ya siku 30 au zaidi, na hilo linaathirije bei mnazopewa?" Mtu akiniuliza hivyo naanza kumweleza matatizo yangu, na bila kujua nimeshaanza kumsikiliza kama mwenzangu wa kazini. Huyo hana haja ya kuniambia yeye ni mchapakazi.

Mshahara ukiletwa na wao mwishoni, taja kiwango na useme kama ni kabla ya makato au ni cha mkononi. Kuna kodi ya mapato, kuna NSSF, kiasi kilekile kinakuwa vitu viwili tofauti. Nimeona makubaliano mazuri yakivunjika kwa sababu kila upande ulikuwa na hesabu yake kichwani.

Bahari_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nizungumzie barua pepe ya huyo binamu. Kule Kanada na Marekani ni desturi, mtu asimlaumu. Huku kwetu inategemea walivyokuita. Kama mwaliko ulikuja kwa barua pepe, ijibu hiyohiyo kwa mistari mitatu, kesho yake asubuhi ni sawa tu. Kama walikupigia simu, usianze kumsaka meneja LinkedIn, na WhatsApp yake ya usiku ndiyo kabisa usiiguse.

Kazi ya serikali usitume chochote. Kwetu Kenya matangazo ya kazi za umma huandika wazi kwamba kumshawishi mhusika kwa namna yoyote kunakuondoa. Asante yako ni ya nia njema, lakini anayeisoma atajuaje?

Meneja_wa_Kaskazini
Mistari mitatu, nakubali. Nikipata ndefu naiacha nusu. Ila nikiwa na wawili waliolingana, yule aliyeandika kitu kimoja cha kweli kuhusu tulichozungumza hurudi kichwani.

Dada_Masjala
Mnabishana mambo ya chumbani, mimi nakaa nje ya chumba. Usaili hauishii mlangoni. Mtu anatoka amefanya vizuri, anasimama mbele ya meza yangu anapiga simu: "Wameniuliza vitu vya kitoto, hawa hawajui kitu." Ukuta ni mbao nyembamba! Na mabosi huwa wananiuliza, "Yule wa tatu alikuwaje hapo nje?" Toka, rudisha kitambulisho cha mgeni, aga, simu ukapigie barabarani.

Jingine: ukishasema asante ukasimama, usigeukie mlangoni na "halafu nilisahau kusema". Na mikono ya kusalimia waachie wao waanze. Jopo la watu watano ukilizungukia kumpa kila mmoja mkono ni sherehe.

Bahari_Kisauni
Na Pwani kuna mama hampi mkono mwanamume, na wanaume wasiompa mwanamke. Mkono kifuani, kichwa kidogo, umemaliza.

Mchumi_wa_Kibaha
Shikamoo Mama_Stoo, na asanteni wote. Kwa hiyo serikalini nimeelewa: niongeze jibu kama lipo la kuongezea, vinginevyo nishukuru. Kwa kampuni nitauliza la bandari. Lakini nikipewa nafasi ya neno la mwisho, nimeandika hivi: "Nashukuru kwa muda wenu. Mimi ni kijana mwenye kujituma, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa, na naamini nitatoa mchango chanya katika kampuni yenu." Mnaonaje?

Meneja_wa_Kaskazini
Hiyo naijua kwa moyo, na sijui aliyeileta ni nani kati ya wote walioisema. Kata sifa zote. Chukua walichokwambia mlemle ndani, kiunganishe na ulichowahi kufanya, funga. Mfano: "Nimeelewa kwamba mzigo unakwama kwenye nyaraka kuliko kwenye usafiri. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilikuwa nafuatilia nyaraka za mizigo, kwa hiyo kazi hiyo naifahamu. Mkiniita, naweza kuanza mwezi ujao." Kama hukufanya hivyo kwenye mafunzo, usiseme, tafuta ulichofanya kweli. Na usikariri sentensi ya kwanza, hiyo utaipata ukiwa umekaa mbele yao.

Mama_Stoo
Marahaba mwanangu. Kwa upande wa umma, vyeti halisi vyote, cha kuzaliwa na kitambulisho vikiwemo, na usajili wako wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, usiuache nyumbani. Kama majina hayafanani kwenye vyeti, beba hati ya kisheria ya kubadili jina. Kuna watu wanatumia muda wa mwisho kujitetea kuhusu karatasi badala ya kuongezea jibu.

Mchumi_wa_Kibaha
Usajili ninao, majina yanafanana. Na kampuni wakisema tu "tutakupigia"?

Meneja_wa_Kaskazini
Uliza ni kufikia siku gani, ili ujue ni lini unaweza kuwaulizia. Wakikutajia, asante, shika mkoba.