Mchezaji akisema ametukanwa rangi yake, kwa nini sisi mashabiki tunamgeuzia kibao yeye?

Mleta mada (Makorora, Tanga)

Wana Tanga, kuna jambo ambalo kila likitokea kwenye mpira wa Ulaya linatugawa kwenye vibanda tunakotazamia mechi kuliko hata penalti ya utata. Mchezaji anamkimbilia mwamuzi, anasema mwenzake kamtukana kwa rangi yake. Aliyetajwa anakana. Marudio hayajaonyeshwa hata mara moja, lakini kibanda umiza chote kimeshatoa hukumu, na hukumu inafuata jezi. Aliyelalamika akiwa wa timu yetu, yule mwingine mbaguzi, afungiwe maisha. Akiwa wa timu pinzani, mwongo huyo, kazoea kulialia, anatafuta huruma. Na tunaosema hivyo ni sisi, watu weusi wa Makorora na Ngamiani.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtuhumiwa ana haki ya kutohukumiwa kabla ushahidi haujasikilizwa, hilo sina ubishi nalo. Lakini haki yake hiyo haitupi sisi ruhusa ya kumwita mlalamikaji mwongo. Ukisema "sijui nani mkweli," simama hapo hapo kwenye kutojua kwako.

Mkumbuke Suárez na Evra. Tarehe 15 Oktoba 2011, Anfield, Liverpool na Manchester United zimetoka 1-1, Patrice Evra wa United akasema Luis Suárez wa Liverpool amemtolea maneno ya rangi. Hapa mjini mabishano yalikuwa makali, na wa Liverpool wote, hata ndugu zangu wa damu, walikuwa na uhakika kwamba Evra anazusha. Uhakika walioutoa wapi? Hakuna aliyesikia. Tume huru ya FA, chama cha soka cha England, ilikaa, ikasikiliza pande zote mbili, ikaandika ripoti ya kurasa 115 na kumfungia Suárez mechi 8 pamoja na faini ya pauni 40,000. Siku moja tu baada ya adhabu kutangazwa, wachezaji wa Liverpool walipasha misuli kule Wigan wakiwa na fulana zenye picha ya Suárez. Evra aliporudi Anfield Januari 2012 kwenye Kombe la FA, uwanja ulimzomea kila alipogusa mpira.

Mwaka 2019 Jamie Carragher, aliyekuwa beki wa Liverpool wakati wa kisa kile, alimwomba Evra radhi kwenye televisheni, wamekaa pamoja studio. Miaka minane ilikuwa imepita. Nakubali radhi ni radhi, lakini ile miaka minane nani atamrudishia Evra?

Naomba tujadili. Shabiki anatakiwa kusimama wapi siku ya kwanza, kabla ya uchunguzi?

Kimanumanu Damu (Ngamiani)

Mgosi, umechagua mfano unaokufaa. Nami nakupa wangu. Aprili 2021, Cádiz na Valencia. Mouctar Diakhaby wa Valencia akadai Juan Cala wa Cádiz kamtukana rangi. Valencia wote wakatoka uwanjani. La Liga, yaani ligi ya Hispania, ikachunguza picha na sauti, ikasema haijapata ushahidi. Sasa Cala afanye nini? Jina lake ukilitaja leo, watu hawakumbuki hata alicheza namba ngapi, wanakumbuka tuhuma. Septemba 2020 ilikuwa Neymar na Álvaro González wa Marseille, wakituhumiana matusi, ligi ya Ufaransa nayo ikasema ushahidi hautoshi, si upande huu wala ule.

Wewe unatuambia tusimwite mlalamikaji mwongo. Sawa. Na huyu anayeitwa mbaguzi dunia nzima kwa neno la mtu mmoja, nani anamtetea? Mashabiki wake. Wasipomtetea wao, hana mtu.

Mleta mada

Kaka, hoja yako ina uzito, sitaipita pembeni. Cala alikuwa na haki ya kutetewa. Ila angalia siku ile uwanjani ilikwendaje. Valencia walirudi kucheza kwa sababu, kwa maelezo ya nahodha wao José Gayà, walihofia kupokwa pointi. Diakhaby hakurudi, alibaki nje. Cala aliendelea kucheza hadi mapumziko. Na La Liga ilisema haikupata ushahidi, haikusema Diakhaby ametunga. Kutoka "haukupatikana ushahidi" hadi "kadanganya" kuna safari ndefu, lakini kibandani tuliimaliza kwa sekunde moja.

Machi 2024 ilikuwa hivyo hivyo. Juan Jesus wa Napoli alimlalamikia Francesco Acerbi wa Inter. Jaji wa michezo wa ligi ya Italia alikubali kwamba maneno ya kuudhi yalitamkwa, ila kwamba yalikuwa ya kibaguzi, hilo akaona halikuthibitika, maana lilisimama kwa neno la Juan Jesus peke yake. Acerbi akaachiwa. Napoli walikasirika hadi wakajitoa kwenye kampeni za ligi za kupinga ubaguzi. Na baadhi yetu tulisherehekea kama vile Juan Jesus ndiye aliyekuwa kizimbani.

Mzee wa Raskazone

Vijana, mimi nimeutazama mpira Mkwakwani tangu Coastal na African Sports zinaujaza uwanja mpaka watu wanapanda miti. Maneno tuliyokuwa tunarushiana, mengine siwezi kuyaandika hapa. Mechi ikiisha tunakaa kwenye kahawa pamoja, mshindi analipia. Hakuna aliyekwenda kushtaki. Mpira ni joto la moyo, mtu anasema asichokikusudia. Mkianza kupima kila neno, mtaua mchezo. Huyo aliyetukanwa na atie goli, ndiyo dawa.

Dada wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima.

Utani wa Coastal na African Sports una watu wawili wanaojuana, wote wameukubali, na kila mmoja ana zamu yake. Leo umenipiga, kesho nakupiga, na sote tunarudi nyumbani tukiwa watu kamili. Hata utani wa makabila yetu unakwenda hivyo, una mipaka, na mtani anajua siku ya msiba aseme nini na anyamaze wapi. Mweusi akiitwa nyani uwanjani, yeye amjibu nini mwenzake chenye uzito ule ule? Hakuna. Zamu yake haipo.

Halafu kuhusu "hakukusudia." Juni 2024 Rodrigo Bentancur alifanya mzaha kwenye televisheni ya kwao Uruguay kuhusu Son Heung-min, nahodha wake mwenyewe pale Tottenham, kwamba watu wa kwao Son wanafanana wote. Akaomba radhi, Son akasema yamekwisha, bado ni ndugu. FA ilimfungia mechi 7 na faini ya pauni 100,000 vile vile. Hilo nililiona sahihi. Son amesamehe lake, lakini Wakorea wanaotazama mpira ni mamilioni, na maneno yale yaliwagusa wao pia.

Na wewe mleta mada, umeuliza tusimame wapi siku ya kwanza. Mimi nauliza tunaongea vipi siku zote. Mimi huenda kibandani na kaka zangu. Mchezaji mweusi wa timu pinzani akitukosesha goli, ninayoyasikia ni "sokwe huyo," "nyani kakalia mpira." Yanasemwa na weusi, vicheko juu. Watoto wa miaka tisa wamekaa mbele pale chini kwenye mkeka. Halafu wiki inayofuata tunakasirika kwamba Mzungu kasema. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mzee wa Raskazone

Marahaba, mwanangu. La watoto wa kwenye mkeka umenishika. La kushtaki bado sijakubali.

Mwalimu wa Pongwe

Naongeza jambo la kisheria, maana naona wengi tunachanganya. Wiki moja baada ya kisa cha Evra, tarehe 23 Oktoba 2011, John Terry wa Chelsea alituhumiwa kumtukana rangi Anton Ferdinand wa QPR. Julai 2012 mahakama ya London ilimwachia Terry. Septemba mwaka huo huo FA ikamkuta na hatia, mechi 4 na pauni 220,000. Watu wakapiga kelele: mtu mmoja, kosa moja, hukumu mbili?

Mahakama ya jinai haimtii mtu hatiani ikibaki na shaka ya maana. Chama cha soka kinapima upande upi una uzito zaidi, kama kesi ya madai ya shamba. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa kule na kukutwa na hatia huku, na vyombo vyote viwili vikawa vimefuata utaratibu wake.

Na nani aliyeumia zaidi na mashabiki katika kesi ile? Anton Ferdinand. Alizomewa kwenye viwanja, na Januari 2012, kabla ya QPR kucheza na Chelsea, alitumiwa risasi kwa posta. Risasi! Mtu ambaye kosa lake ni kuambiwa neno.

Fundi wa Duga

Mimi sitaki maneno mengi. Mnasema ushahidi, ushahidi. Wenyewe wamejifunza kuuficha. Machi 2021, Rangers na Slavia Prague, Ondřej Kúdela wa Slavia alimwendea Glen Kamara wa Rangers, akaziba mdomo kwa mkono, akamnong'oneza sikioni. Kamera imeona mkono tu. Mtu anayempa mwenzake neno la heri anaziba mdomo? UEFA ilimfungia mechi 10, na 10 ndicho kiwango chao cha chini kwa kosa hilo. Kamara naye akapewa 3 kwa kumpiga Kúdela baada ya mechi kwenye korido ya kuelekea vyumbani.

Nami nasema Kamara nisingemlaumu.

Mleta mada

Fundi, mimi ngumi siungi mkono, maana ndiyo inayowapa watu njia ya kusema "wote wamekosa" na kesi ikaishia hapo. Ila kisa hicho kina mwisho uliousahau. Septemba 2021 Rangers walikwenda Prague kucheza na Sparta, timu nyingine kabisa. Mashabiki watu wazima walikuwa wamezuiwa kwa adhabu ya UEFA, jukwaa likajazwa watoto wa shule. Kamara akazomewa kila aligusapo mpira. Ningependa kuamini kwamba watoto wale hawakujua wanachozomea. Lakini kuzomea kwenyewe walikuwa wamefundishwa na mtu, na mtu huyo anafanana sana na sisi tunaokaa nyuma yao.

Wa Usagara

Nimesoma yote na nimesita kuandika. Mimi ni Mtanga, babu wa babu yangu alikuja kutoka Gujarati. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, Coastal ndiyo timu yangu na tarehe ya ubingwa wa 1988 nafundisha wanangu kama wengine wanavyofundisha mashairi.

Nilipokuwa nacheza mitaani, nikifunga goli mimi ni "mtoto wa nyumbani." Nikikosa, mimi ni ponjoro, nirudi Bombay nikauze duka. Wenzangu wa timu yangu ndio waliosema, si wapinzani. Nililalamika kwa kocha mara moja tu. Akacheka, akaniambia nisiwe na roho nyepesi. Baada ya hapo nikaonekana mtu wa kudeka, na pasi zikapungua. Mimi nilikuwa mtoto, na kosa lao walilifanya langu.

Kwa hiyo mnapomwongelea Evra najua jambo moja ambalo huenda hamlijui. Kulalamika kuna gharama, na anayelalamika anaijua kabla hajafungua mdomo. Wengi hunyamaza. Anayesema kwamba watu hudai ubaguzi ili wapate faida, anionyeshe faida aliyoipata Diakhaby.

Kimanumanu Damu

Ndugu wa Usagara, pole. Sikuwa nimelifikiria kutoka upande huo, na hilo neno nami nimelitumia. Sitalitumia tena.

Lakini kanuni yangu siiachi. Mtuhumiwa lazima awe na watu wake.

Mwenye Kibanda (Mikanjuni)

Mimi ni mfanyabiashara, niseme la upande wangu. Kibanda changu siku ya mechi kubwa kinajaa hadi nje. Nikianza kumtoa kila anayesema "nyani," nitabaki na viti. Ila nimesoma ya yule dada kuhusu watoto na siwezi kubisha, wanakaa pale pale mbele. Nitaanza na tangazo ukutani na kwa kipaza kabla ya mechi: kutukana rangi ya mtu hakuna, anayerudia anarudishiwa hela yake na kutoka. Matusi mengine ya mpira yaendelee, maana nikiyazuia hayo nifunge biashara. Wenye vibanda wengine mkikubali tufanye pamoja, itakuwa rahisi, maana mteja akitoka kwangu hatakimbilia kwako.

Mleta mada

Hapo umenipa zaidi ya nilichokiomba. Mimi najitolea kuzungumza na wenye vibanda wa Makorora ninaowajua. Kuna ishara ambayo FIFA iliitambulisha mwaka 2024 kwenye mkutano wake wa Bangkok, mchezaji anapishanisha mikono yake kwenye vifundo vya mikono kama msalaba kumwonyesha mwamuzi kwamba ametukanwa rangi. Tangazo lako liwe na picha hiyo, watoto wataielewa haraka kuliko maandishi, na wakiiona kwenye televisheni watajua nini kimetokea kabla mtu hajaanza kupiga kelele ya jezi.

Kimanumanu Damu

Swali la mwisho, Mgosi, na ujibu kwa moyo wako. Kesho mchezaji wa Coastal, kipenzi chako, anatuhumiwa na mgeni wa timu pinzani kwamba kamtukana rangi. Wewe utasimama wapi?

Mleta mada

Nitataka asikilizwe, na kama klabu haitampa mtu wa kumsemea, nitachanga hela apate. Fulana yenye sura yake sitavaa hadi uamuzi utoke. Akikutwa na hatia, nitapinga klabu isimlipie faini.

Kimanumanu Damu

Na yule mgeni akirudi Mkwakwani msimu unaofuata, matokeo ni mbili-mbili, dakika ya 88, mpira uko kwake? Usiniambie hutazomea.

Mleta mada

Nitaizomea timu yake nzima kama kawaida yetu, kuanzia kipa hadi kocha. Yeye peke yake, kwa sababu alilalamika, hapana. Na wewe ukiwa jukwaa la pili siku hiyo, nitakuwa nakusikiliza.