Mjadala: Panya mwenye jeni ya binadamu atuamulie dawa ya ubongo?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Bibi yangu alifariki akiwa amesahau majina ya wanawe wote, na mtaani wakasema karogwa. Tangu hapo, kila nikisikia dawa imetibu Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, moyo hunidunda. Nikisoma hadi chini, nakuta waliotibiwa ni panya.

Ndani ya seli za ubongo mna protini iitwayo tau, inayoshikilia vijinyuzi ambavyo seli husafirishia mizigo yake. Vimeng'enya vingine huibandika fosfati, vingine huibandua, na ndivyo seli inavyoirekebisha. Kwenye Alzheimer fosfati huzidi, tau huachia vijinyuzi na kujisokota mafundo. Panya wa kawaida hata azeeke hapati mafundo hayo. Ndiyo maana watafiti humpandikiza jeni ya tau ya binadamu, mara nyingi yenye kasoro ya P301L au P301S. Hapo ndipo ninapokwama: kwa binadamu kasoro hizo huleta aina nyingine ya ugonjwa wa kupoteza akili, si Alzheimer. Yaani tunamuuguza panya ugonjwa mmoja, kisha tunamuuliza habari za mwingine.

Kumbukeni chanjo ya AN1792, iliyolenga protini nyingine inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer, amiloidi. Mwaka 1999 ilionekana kuzuia mabonge ya amiloidi kwa panya waliobadilishwa jeni. Ilipofika kwa watu ikasimamishwa 2002, kwa sababu karibu 6% ya waliochanjwa walipata uvimbe wa ubongo na utando wake.

Mimi nasema panya abaki kwenye swali la fosfati ikizidi kunatokea nini. Kumtumia kama ushahidi kwamba dawa itamfaa mgonjwa, hapana.

— Mkuu, pole sana kwa bibi. Ila panya unamwonea. Lecanemab, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani 2023, ni kingamwili iliyoanzia kwa panya. Ungeitoa wapi? Seli zilizooteshwa kwenye kisahani hazikumbuki njia wala hazitafuti chakula kama panya. Utajuaje kama zimesahau?

— Nimepoa, mkuu. Hilo la kisahani nalikubali kabisa, kusahau ni kazi ya ubongo mzima. Lakini itazame hiyo lecanemab yenyewe: kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudorora kwa 27%, haikurudisha kumbukumbu iliyokwisha kupotea, na baadhi ya wagonjwa walivimba au kuvuja damu ubongoni. Familia inayomuuguza mzee inastahili kuambiwa hivyo tangu kichwa cha habari, na neno "panya" lisifichwe aya ya mwisho. Nikuulize nawe: mama yako mzazi angekuwa mgonjwa, ungekubali achomwe dawa ambayo ushahidi wake wote ni panya wa P301L?