Daktari anasema mdogo wangu atatembea, mtu wa mazoezi ananikwepa macho. Nishaurini wakuu

Dada wa Watatu

Habari za usiku wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mdogo wangu ana miaka 29, fundi rangi. Mwezi wa tatu jukwaa la kazini lilikatika, akaanguka kutoka ghorofa ya pili, akavunjika mgongo. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma. Kwenye faili wameandika T10, yaani usawa wa pingili ya kumi ya mgongo wa kifuani. Kuanzia kitovuni kushuka chini hasikii kitu, na mkojo unatoka kwa mpira.

Baada ya wiki sita tukakabidhiwa kwa daktari wa utengamao, wa kumrudishia mtu uwezo wa mwili baada ya jeraha, hospitali kubwa tu ya hapa mjini, siitaji. Mtu mpole, anaongea taratibu, mama alimpenda siku hiyo hiyo. Siku ya pili akatuita pembeni: hapa foleni ndefu, mashine mbovu, mleteni jioni kwenye kliniki yangu. Ni 60,000 kila tunapokwenda, mara tatu kwa wiki, na gari la kukodi juu yake maana kwenye bajaji hawezi kukaa. Akatuambia miezi mitatu atasimama, mitano atatembea. Mama akauza kiwanja cha Chanika.

Mwezi uliopita miguu ikaanza kuruka usiku. Ule wa kulia unapiga teke mpaka shuka linadondoka. Nyumba nzima tulipiga vigelegele. Daktari alipoona akasema, "Si mnaona? Mishipa inaamka." Akarekodi kwa simu yake, na kesho yake video ikawa Instagram ya kliniki, sura ya mdogo wangu wazi kabisa, na chini yake maneno ya kumshukuru Mungu.

Pale hospitali kuna binti wa mazoezi. Nilimwonyesha ile video kwa furaha, yeye hakufurahi. Akaniambia, "Dada, muulize daktari kama mguu anautuma mwenyewe au unaruka peke yake." Tangu siku hiyo akiniona anapita mlango mwingine.

Nilipo ni hapa. Kazini walishapeleka taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na fomu ya kitabibu iko mezani kwa daktari huyo huyo. Nikiulizia ananijibu, "Ipo, tusiikimbilie, tumalize kwanza awamu hii ya kliniki." Naogopa nikimlalamikia atamwandikia asilimia ndogo ya ulemavu. Nikinyamaza, mama atauza na nyumba. Na mwenyewe kila asubuhi ananiuliza zimebaki wiki ngapi. Amemwambia mchumba wake wasogeze harusi, ataingia ukumbini kwa miguu yake.

Msinitukane, nimechoka.

Mtoto wa Mbagala

Mmepigwa dada. Daktari anayekutoa hospitali ya bei ndogo kukupeleka kwake jioni hana tofauti na dalali wa Kariakoo. Tena dalali anakuonyesha mzigo kwanza.

Goti na Kiwiko

Pole sana dada. Mimi ni mtu wa mazoezi tiba, mwaka wa 14 sasa. Mgonjwa sijamwona, kwa hiyo sitasema atatembea au hatatembea. Naeleza kilichofichwa.

Uti wa mgongo ukiumia, mwanzoni sehemu ya chini inazima kabisa, hata ukiugonga mguu kwa kinyundo hautikisiki. Hali hiyo hukaa siku au wiki kadhaa. Ikiisha, uti ulio chini ya jeraha unaanza kufanya kazi kivyake bila kusikiliza ubongo. Hapo ndipo miguu inaruka, inakakamaa, inapiga teke. Ukimgusa na kitu cha baridi inaruka, kibofu kikijaa inaruka. Si dalili kwamba njia ya kwenda kwenye ubongo imefunguka. Daktari wa utengamao anayajua haya kama wewe unavyojua njia ya kwenu. Kumwambia mama "mishipa inaamka" hakuwezi kuwa bahati mbaya.

Kipimo cha kuuliza ni kingine, na watu huona aibu kukitaja: je, aliwahi kumpima njia ya haja kubwa? Kama anasikia akiguswa pale, na kama anaweza kubana mwenyewe akiambiwa abane. Majeraha haya hupangwa kwa herufi, A mpaka E. A maana yake hata pale chini kabisa hakuna kinachopita. Kuanzia B kuna kitu kinapita, na mazungumzo yanabadilika. Herufi hiyo lazima iwe kwenye faili. Kama haimo, basi ahadi ya miezi mitano ilitoka hewani, na kama imeandikwa A, ni mbaya zaidi.

Kuhusu kliniki: daktari kuwa na kliniki yake si kosa, wengi wanazo na wanafanya kazi safi. Kosa ni kutumia kitanda cha hospitali kujitafutia wateja, kuponda huduma ambayo yeye ndiye msimamizi wake, halafu kukalia karatasi ambayo mgonjwa anaihitaji ili ale.

Yule binti msimlaumu. Alichokwambia kingeweza kumpotezea kazi.

Nusu Mkate

Mnamhukumu mtu bila kumsikiliza. Mama yangu alipata kiharusi, madaktari wakatuambia ndiyo basi tena. Tukampata mmoja akatupa moyo, leo mama anakwenda sokoni mwenyewe. Mgonjwa ukimwambia hatatembea unamuua siku hiyo hiyo. Tumaini nalo ni dawa.

Goti na Kiwiko

Nusu Mkate, hongera kwa mama. Ila kiharusi ni jeraha la ubongo, na ubongo una namna ya kujipanga upya, sehemu nzima ikachukua kazi ya iliyokufa. Uti wa mgongo uliokatika mawasiliano yote hauna ukarimu huo. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi hii tunatakiwa tuchunge mdomo: mfano wa mgonjwa mmoja tunauuza kwa mwingine.

Magurudumu Manne

Naongea nikiwa juu ya kiti, mwaka wa tisa. Mimi ni T8, ajali ya bodaboda.

Familia yangu ilijua, daktari alijua, mfagiaji wa wodi alijua. Mimi nilijua baada ya miezi saba, nilipomsikia shangazi akilia kwenye simu koridoni. Watu wanadhani niliumia kwa kusikia sitatembea. Niliumia kwa ile miezi saba. Kwa kuwa "nitatembea tu", sikujifunza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Nilikataa kiti, nilikiona mkosi. Sikujifunza kujitoa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa, nikakaa na ule wa kudumu nikiugua homa kila mwezi. Hakuna aliyeniambia nijinyanyue makalio kila baada ya dakika chache nikikaa, kwa hiyo nikapata kidonda kilichofika mfupani. Kidonda hicho ndicho kilichotaka kuniua, miguu haikutaka kuniua.

Dada, leo usiku mgeuze. Angalia makalio, visigino na mfupa wa juu ya mkia. Ukiona wekundu usiopotea ukibonyeza, mtoe hapo asilalie. Mambo ya daktari yatafuata.

Halafu ana mchumba. Kuna yeyote aliyemuuliza kuhusu unyumba na watoto? Bila shaka hakuna. Niliuliza mimi mwenyewe mwaka wa pili, na kumbe kuna njia. Mwanangu yuko chekechea.

Goti na Kiwiko

Magurudumu amesema kazi yetu ilivyo. Zamani watu wa uti wa mgongo walikufa kwa vidonda na mkojo tu. Kilichobadilisha ni kazi za mtu kama daktari Ludwig Guttmann pale hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kuanzia 1944: mgonjwa anageuzwa kila saa mbili usiku na mchana, kibofu kinatunzwa, halafu anapewa kazi na michezo. Hakumwahidi mtu kutembea. Mwaka 1948 aliwashindanisha mishale wakiwa kwenye viti, na huko ndiko Paralimpiki ilikoanzia. Hakuna mashine ya 60,000 hapo. Kama kliniki wanatumia ile ya umeme, itabana msuli, ni kweli, na ina kazi zake, ila ukizima swichi msuli unalala.

Wakili wa Uswazi

Nijibu la fomu. Daktari haamui peke yake. WCF wana watu wao wanaopitia tathmini za ulemavu, na uamuzi ukitoka hamjaridhika mna haki ya kuupinga. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya mwezi, chini ya hapo ni mkupuo. Mtu asiyehisi kitu kuanzia kitovuni, mwenye picha na ripoti ya upasuaji, si rahisi kumpunja kwa kalamu bila kuonekana. Ulizia pia malipo ya mtu anayemhudumia, wengi hawayajui. Nendeni wenyewe ofisini kwao mseme fomu imekwama kwa nani na tangu lini. Ila na nyie msiombe aongezewe asilimia. Hapo mtakuwa mmeingia naye chumba kimoja.

Video: mdogo wako alikubali irushwe? Taarifa za afya zina ulinzi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, achilia mbali maadili ya udaktari. Ihifadhi kabla hajaifuta.

Bi Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole. Nimekaa wodini miaka 33, madaktari wa kila aina nimewaona, na wengi ni watu wema wanaochoka.

Usiende kugombana naye. Andika barua kwa mganga mfawidhi, ukurasa mmoja tu, tarehe na mambo, matusi usiweke. Omba mgonjwa apimwe na daktari mwingine na fomu ijazwe na huyo mwingine. Weka risiti za kliniki, na kama alikuwa hatoi risiti andika hivyo. Wakikaa kimya, Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko ya mwananchi. Jina la yule binti usiliandike popote.

Na la kuambiwa: huyo ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa nini mnajua nyie kabla yake? Mwili ni wake. Muulize kwanza kama anataka kujua, na anataka nani awepo. Halafu daktari ndiye amwambie, si wewe jikoni.

Dada wa Watatu

Nimerudi wakuu, siku 12 zimepita. Asanteni, hata yule wa dalali.

Nilimgeuza usiku ule ule. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeanza, hatukujua. Sasa kinapona, tunageuza kwa saa, mama anaweka alamu.

Barua nilipeleka. Siku ya nne wakampanga daktari mwingine, mama mmoja mkali. Kabla ya kumpima alimuuliza mdogo wangu, "Ukiwa na swali ambalo jibu lake ni gumu, unapenda kujibiwa vipi?" Akasema, "Nijibiwe mimi, mama asubiri nje." Mimi akaniruhusu nibaki. Alimpima pote, na pale pa aibu pia. Kwenye faili kumbe herufi ilikuwepo tangu mwezi wa nne. A. Kwa mwandiko wa yule yule mpole.

Alimwambia kwa utulivu, hakuzunguka. Mdogo wangu alinyamaza sana, halafu swali lake la kwanza likawa, "Na hela ya kiwanja?" Daktari hakujibu. Siku mbili hakuongea na mimi. Ya tatu akaniomba simu, akaitazama ile video mara nyingi, akamtumia mchumba wake ujumbe ambao hakunionyesha. Mchumba alikuja jana, walifunga mlango.

Fomu imejazwa. Magurudumu, nimekutumia ujumbe kule pembeni, anataka kuongea na wewe mwenyewe.

Yule daktari leo amepiga mara tatu. Sijapokea. Nipokee?

Bi Nesi Mstaafu

Usipokee. Akiwa na la kusema, aandike.