Kumpeleka mama Piazza San Marco, Venice, mwezi wa 11

Wana Mwanza wenzangu salama? Mimi niko Nyakato hapa, mwezi wa 11 nasafiri na mama kwenda Padova, Italia, kwa mdogo wangu, viza zimeshatoka tunamshukuru Mungu. Mama anasali Bugando na tangu asikie kanisa la Mtakatifu Marko liko karibu na huko hana hadithi nyingine, anataka afike uwanjani pale mbele ya kanisa (ndo hiyo Piazza San Marco) aingie na kanisani. Shida ni magoti, ngazi zinamtesa. Alafu nasikia pale maji yanajaa, ni kweli au stori tu? Mliofika naombeni mwongozo.

----

Kaka habari za Nyakato, mpe mama shikamoo yangu. Mimi makazi ni Padova ila saa hii niko likizo hapa Kirumba.

Maji ni kweli kabisa, na hilo ndo uliangalie kabla hata ya kukata tiketi ya treni. Sisi wa ziwani hatujazoea maji kujaa na kupwa kila siku, ziwa letu likipanda kama 2020 na 2024 linakaa hivyo miezi na watu wa ufukweni wanahama, kule ni bahari, yanapanda masaa machache yanashuka, na uwanja wa San Marco uko chini kuliko karibu mji wote kwahiyo unaloa wa kwanza, maji yanatokea hadi kwenye matundu ya mifereji sakafuni. Novemba 2019 yalifika sentimita 187, yaliyowahi kuzidi hapo ni ya 1966 tu, 194. (Hiyo sio kina cha maji pale uwanjani, wanapima kutoka usawa wa bahari wa zamani.) Toka Oktoba 2020 kuna mageti makubwa ya chuma yanaitwa MOSE yananyanyuliwa kuizuia bahari, ila kwa kawaida wanasubiri utabiri ufike kama 110, wakati uwanja unaanza kuloa kwenye 80 au 90 hivi. Na Novemba ndo msimu wenyewe! Manispaa inaweka utabiri kwenye intaneti saa kwa saa, mdogo wako auangalie jioni ya kabla ya safari. Kama asubuhi yanajaa nendeni mchana, au sogezeni siku. Maji yakijaa wanapanga njia za mbao za kupita juu, nyembamba na watu wanabanana, mama mwenye magoti mabovu simshauri kabisa.

Treni toka Padova ni kama nusu saa, mshukie Venezia Santa Lucia, sio Mestre, Mestre ni bara bado, Venice yenyewe iko visiwani. Hapo msianze kutembea hata mtu akikwambia ni karibu, kila kidaraja kina ngazi za kupanda na kushuka na viko vingi mno. Pandeni boti namba 1, inaenda pole pole kama dakika 40 lakini mama atakaa na atauona mfereji mkubwa wote na majumba yake. Kituo cha kushuka ni San Marco Vallaresso. Wengi wanapitiliza mpaka San Zaccaria alafu wanakuta daraja la ngazi mbele yao, ukishukia Vallaresso ni tambarare mpaka uwanjani.

Kuhusu kukaa sasa, maana ndo kinachowachosha wazee. Viti vyote mnavyoona pale uwanjani ni vya mikahawa, ule wa Florian upo toka 1720, na bendi ikipiga wanaongeza hela ya muziki kwenye bili ya kila mmoja. Kukaa chini au kwenye ngazi na kula vitu mlivyobeba ni faini, kulisha njiwa nako marufuku toka 2008. Ila nyuma tu, upande wa maji, karibu na hapo boti ilipowashusha, kuna bustani inaitwa Giardini Reali, ina mabenchi na ni bure. Mpumzishe mama hapo kabla ya kanisa na baada ya kanisa.

Kanisani mabega na magoti yafunikwe (mama na kitenge chake hana shida), begi kubwa haliingii, tiketi mkate mapema kwenye mtandao ili msisimame foleni. Ila kwa mama mimi ningempeleka misa, wanaokwenda kusali wanaingia mlango wa pembeni na hawalipi. Mwambie Mtakatifu Marko mwenyewe alitoka kwetu Afrika, mapokeo yanasema wafanyabiashara wa Venice waliuchukua mwili wake Aleksandria, Misri, mwaka 828 wakauficha chini ya nyama ya nguruwe ili wakaguzi wasiuguse, na mpaka leo uko chini ya altare kuu. Mnara wa kengele nao asiuogope, ule wa zamani ulianguka 1902 wakajenga mwingine ukafunguliwa 1912, una lifti mpaka juu, na juu pale unaona visiwa vyote.

Ile ada ya kuingia mjini kwa wageni wa siku moja, walioanza kutoza 2024, huwa ni siku za Aprili mpaka Julai, Novemba haiwahusu.

----

Dada umemaliza, naongezea mawili tu. Kaka, pochi na pasipoti ziwe mbele ya mwili, vituo vya boti vina wezi wa mfukoni, na mtu akimshikisha mama ua la waridi kama zawadi arudishe hapo hapo maana atadaiwa hela. Alafu tiketi ya boti gusisheni kwenye mashine KABLA ya kupanda, kila mtu na yake, inahesabu dakika 75 toka hapo. Msipogusisha mkaguzi anawahesabu hamjalipa hata kama tiketi mnayo mkononi.