Tupeane uzoefu: Takeshi's Castle uliiona kwa sauti ya nani?

#1

Wakuu, habari za jioni. Leo naomba tukumbushane Takeshi's Castle, ule mchezo wa Kijapani wa watu kukimbia kwenye vikwazo na kuishia majini. Kwamba uliipenda najua. Ninachotaka kusikia ni uliiona wapi, mwaka gani, na nani alikuwa anatangaza, maana nimegundua kila mmoja wetu aliona kitu chake.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2004 nilikuwa Leicester, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Siku za mapumziko naweka Challenge, chaneli ya Uingereza, sauti ya mtangazaji Craig Charles inaanza, usingizi wote unaniisha. Nilichopenda kuliko vyote ni milango. Mbele yako kuna kuta, kila ukuta una milango kadhaa. Mingine ni karatasi, mingine ni mbao, na hutajua ipi ni ipi mpaka uiparamie. Namkumbuka jamaa mmoja mwenye kofia ngumu aliyeinamisha kichwa, akachomoka bila kupunguza mwendo, paa! Mbao. Akakaa chini. Akashika kofia kwa mikono miwili, akanyanyuka, akaenda kuuvamia mlango wa pembeni kwa mwendo uleule.

Miaka yote hiyo nilidhani watu wale walikuwa wanakimbia wiki ileile ninayowaangalia. Kumbe TBS, kituo cha televisheni cha Japani, iliirusha kuanzia Mei 1986 hadi 1990, na Challenge waliichukua mwaka 2002 tu. Yule jamaa wa mlango alikuwa ameshakauka nguo zaidi ya miaka kumi!

Baadaye nikapata kipindi kizima cha Kijapani, bila kukatwa, kama saa nzima hivi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni hadithi yenye mwanzo na mwisho. Kuna ngome, na bwana wa ngome ni Takeshi Kitano, mchekeshaji ambaye baadaye dunia ilimjua kama mwongozaji wa filamu. Jenerali Hayato Tani anaongoza watu zaidi ya mia kuishambulia. Wanapukutika kikwazo baada ya kikwazo mpaka wanabaki wachache, ndipo wanapanda vigari kupigana na Takeshi kwa bunduki za maji. Kila kigari kina duara la karatasi, likitobolewa, umetoka. Aliyeishinda ngome alipata yeni milioni 1, na walioshinda ni wa kuhesabu. Sisi tuliletewa mianguko, vita yenyewe ikapita juu kwa juu.

Karibuni.

#2 (Minneapolis)

Mkuu, mimi niliiona kwa jina la MXC, kwenye chaneli ya Marekani ya Spike TV, kati ya 2003 na 2007. Huku hawakutafsiri hata neno. Walifuta sauti yote wakatunga yao. Kitano akawa Vic Romano, Jenerali Tani akawa Captain Tenneal, na kila mshiriki alipewa jina la kubuni na kazi ya kubuni. Nilikuwa mgeni Marekani, Kiingereza nakidaka nusunusu, nikaamini ndiyo habari zao za kweli.

Kaka yangu ndiye aliyenifungua macho. Alisema, "Hawa wamefanya kama DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili." Ikaniingia palepale. Ila kuna tofauti moja inayoniuma mpaka leo: DJ Afro anakusimulia ili umfuate mhusika. MXC walimnyang'anya mtu jina lake. Mtu kajitokeza, karowa, kaumia goti, halafu hata jina hakubaki nalo.

#3 (Mombasa)

Sisi twaliangalia kwa jirani mwenye dishi, watoto kumi na kitu ukumbini, mama wa watu hata hakutufukuza. Kiingereza hatukukijua, twaliangalia watu tu. Yale mawe ya kwenye kidimbwi, mengine yamesimama imara, mengine yaelea, ukikanyaga lazama nawe! Siku ya pili twatengeneza milango yetu uani: maboksi, na mmoja wa ubao wa kweli. Binamu yangu alivunjika jino la mbele. Mpaka leo akicheka wauona ule mlango.

#4 (Yokohama)

Nimesoma huku, na nimebaki. Mkitaka kujua ile ngome ilikuwa wapi, ni Midoriyama, viwanja vya studio za TBS hapa Yokohama. Mwaka 1997 TBS wakaanzisha Sasuke, mashindano mengine ya vikwazo ambayo nyie mnayaita Ninja Warrior, nayo makao yake yakawa Midoriyama vilevile. Lakini roho yake ni nyingine. Washiriki 100, hatua nne, na mara nyingi hakuna anayemaliza.

Hadi mwaka 2020 waliomaliza ni wanaume wanne tu. Wa kwanza, Kazuhiko Akiyama, 1999, alikuwa mvuvi wa kaa. Wa pili, Makoto Nagano, 2006, nahodha wa mashua ya uvuvi. Mimi mtoto wa mvuvi wa Tanga, mnaweza kufikiri nilivyojisikia niliposoma hayo.

Tarehe 31 Desemba 2018 hatua ya mwisho ilirushwa moja kwa moja. Bwenini tulikuwa watu wa mataifa sita, kimya kabisa, tunamwangalia mtu mmoja akipanda kamba.

#5 (Minneapolis tena, #2)

Nagano nilimwona kwenye G4, chaneli nyingine ya huku, walianza kuonyesha Sasuke mwaka 2006, na Kijapani chake walikiacha na maandishi chini. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti ya kweli ya mshiriki. Alikuwa anahema.

#6 (Muscat)

Mwaka 2023 imerudi, mpya, Amazon Prime. Niliiwasha na binti yangu wa miaka saba. Akaniomba niweke Kiswahili. Haipo. Basi nikapunguza sauti nikaanza kutangaza mwenyewe: "Huyu ni namba kumi na mbili, anavuka daraja, mipira inakuja, jishike bwana!" Akaniuliza huyo namba kumi na mbili anaitwa nani. Nikaongeza sauti tena, tukasikiliza wote wawili kama watamtaja.