Ushauri: Kumpandisha mtoto wa miaka minne hadi Mandara mwezi wa saba

Mama Tunu: Habari za humu ndugu zangu. Mwezi wa saba tunaenda Marangu kwa wakwe, na mume wangu ameng'ang'ania tumpeleke binti yetu mlimani Kilimanjaro. Siyo kileleni, ni kutoka getini hadi Mandara, kile kituo cha kwanza cha wapandaji, na kurudi siku hiyohiyo. Mtoto ana miaka minne. Baba mtu amekulia kule na hoja yake ni moja tu: "Sisi tulikuwa tunapanda peku kukata majani ya ng'ombe." Mimi wa Tanga, baridi ninayoijua ni ya feni namba tatu. Nikubali? Na nikikubali, nimvishe nini?

Mgumu Mstaafu: Dada, njia hiyo nimebeba mizigo miaka kumi na moja. Geti liko kama mita 1,860, Mandara 2,720, kilomita nane hivi kwenda tu. Mtu mzima anatumia saa tatu hadi nne. Mtoto atatembea vizuri mwanzoni, akiona mbega anasimama, akiona konokono anasimama, halafu anataka mgongo. Hapo ndipo pa kuogopa. Anayebeba anatoka jasho na kufungua koti, anaona hali ya hewa nzuri. Aliyebebwa hasogezi hata kidole, anapoa taratibu. Nimewahi kukutana na baba anajifuta jasho, mtoto mgongoni midomo imeshabadilika rangi. Na msituni kipindi hicho kuna ukungu, miti inadondosha maji hata mvua isiponyesha.

Lofa wa Majengo: Baba mtu atangulie peku, sisi tunamsubiri na picha.

Nesi Bibi: 😂 Mama Tunu, fulana za pamba ziache nyumbani, zikilowa zinakaa na maji na kumnyonya mtoto joto. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu, sweta la sufi, juu yake koti la mvua. Kofia ifunike masikio. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana usithubutu, damu haipiti, miguu inazidi kupoa. Ukitaka kujua kama amepoa usishike vidole, pitisha mkono kisogoni au kifuani. Na akiacha kulia akaanza kusinzia huku amelegea, usidhani amezoea. Mvue vilivyolowa, mkumbatie ngozi kwa ngozi ndani ya koti, mteremke. Uji wa chupa mpe kabla hajaomba.

Baba Pacha: Wangu walikuwa na miaka mitano. Tulilala Marangu siku mbili kwanza, maana kutoka Dar leo na kesho mlimani ni kumtesa mtoto. Tukafika Kisambioni, katikati ya njia, tukala, tukageuka. Shuleni wanajisifu wamepanda Kilimanjaro na sijawasahihisha. Kileleni wenyewe hawaruhusu chini ya miaka 10, kwa hiyo haraka ya nini? Mvua ikiharibu siku, maporomoko ya Kinukamori yako hapohapo Marangu.

Mama Tunu: Nimemsomea yote. La mgongoni limemnyamazisha, alikuwa ameshanunua mbeleko ya kupandia. Tumekubaliana Kisambioni, na saa sita mchana popote tulipo tunageuka. Sasa sweta la sufi la mtoto nalipata wapi? Huku Tanga watanicheka.

Mgumu Mstaafu: Moshi, soko la Memorial, kwenye mitumba. Nenda asubuhi, na usiongee Kitanga, utapigwa bei.